Tarehe 7 Aprili: Mraba Mmoja wa Kalenda na Majina Yake

Katika maofisi na maduka mengi ya Unguja hutundikwa ukutani kalenda ambayo kila mraba wake una tarakimu mbili: tarakimu kubwa ya tarehe ya Miladia na tarakimu ndogo ya tarehe ya Hijria. Kalenda za namna hiyo huuzwa pia sokoni Mwanakwerekwe kila mwaka unapokaribia kumalizika. Mnunuzi akifunua ukurasa wa Aprili ataona kwamba mraba wa tarehe 7 umetiwa wino mwekundu, na chini yake pameandikwa Siku ya Karume. Hana haja ya kuambiwa zaidi. Anajua kwamba ofisi za serikali na skuli zitafungwa, na kwamba Kisiwandui itasomwa hitma.

Mraba huo huo, kalenda ikiwa imechapishwa Maputo, ni siku ya wanawake wa Msumbiji. Ikiwa imechapishwa Kigali, ni siku ya kwanza ya juma la maombolezo ya taifa. Na katika kalenda za Shirika la Afya Duniani, ambalo makao yake yako Geneva, ni Siku ya Afya Duniani. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kuletewa mezani, katika juma moja, hati zinazohusu siku zote nne. Hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwani katika maofisi yetu imeenea desturi ya kutumia kauli moja kwa kila siku iliyotiwa wino mwekundu: "tunaungana na wenzetu kusherehekea siku hii adhimu". Kauli hiyo ikipelekwa Maputo itapokewa kwa furaha. Ikipelekwa Kigali ni tusi.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza kwa ufupi historia ya siku hizo nne, kuonyesha kwamba kushirikiana kwao tarehe moja ni kazi ya kalenda tu, na kisha kupendekeza namna ya kuyatumia maneno tuliyo nayo ili kila siku ipate jina linaloistahili.

Kisiwandui, 1972

Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, aliuawa kwa risasi jioni ya Ijumaa tarehe 7 Aprili, 1972. Alikuwa katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, mjini Unguja. Nafasi yake ilichukuliwa na Mzee Aboud Jumbe. Marehemu alizikwa hapo hapo Kisiwandui, na kaburi lake limo katika eneo la ofisi ya chama, ambacho tangu tarehe 5 Februari, 1977 kiliungana na TANU kuwa Chama cha Mapinduzi.

Kila mwaka ifikapo siku hiyo viongozi na wananchi hukusanyika Kisiwandui. Husomwa Kurani, huombwa dua, na kaburi huzuriwa. Kwa sheria, siku hii ni ya mapumziko, Bara na Visiwani. Basi siku moja imebeba mambo mawili: kwa upande wa sheria ni siku ya kutokwenda kazini, na kwa upande wa watu ni siku ya kumrehemu aliyefariki. Mtu wa Unguja hayachanganyi mambo hayo. Hasemi "Heri ya Siku ya Karume", na akimsikia mgeni akisema hivyo atatambua mara moja kwamba pana kosa, hata kama hawezi kulitaja ni kosa la sarufi au la adabu.

Dar es Salaam, 1971

Mwaka mmoja kamili kabla ya hapo, tarehe 7 Aprili, 1971, alifariki mjini Dar es Salaam mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 25. Huyu ni Josina Machel, mzaliwa wa Vilanculos, kusini mwa Msumbiji, na mke wa Samora Machel. Chama cha FRELIMO, kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, kilikuwa wakati huo kikiendesha vita vya ukombozi kutoka Tanzania. Josina alifanya kazi miongoni mwa wanawake wapiganaji na aliongoza shughuli za ustawi wa jamii, hasa malezi ya watoto walioachwa yatima na vita. Alifariki kwa maradhi, miaka minne kabla nchi yake haijapata uhuru tarehe 25 Juni, 1975.

Msumbiji iliifanya tarehe hiyo kuwa siku ya wanawake wote wa nchi, nayo ni sikukuu ya taifa. Wanawake huvaa kapulana, ambazo kwetu tungeziita vitenge, huandamana, huimba na hucheza ngoma. Ni siku iliyotokana na msiba kama ile ya Kisiwandui, lakini imepewa jina la walio hai. Jina hilo limegeuza hata kitendo kinachofanywa siku yenyewe, kwa kuwa huwezi kuwaomboleza wanawake wa nchi nzima waliosimama mbele yako wakicheza. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kuhusu siku hii hakosei kusema sherehe. Atakosea akiiita "kumbukumbu ya kifo".

Kigali, 1994

Siku ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994 ndege iliyowachukua marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Ilikuwa inatoka Dar es Salaam, ambako marais hao walihudhuria mkutano wa viongozi wa eneo hili. Usiku ule ule mauaji yalianza. Tarehe 7 Aprili aliuawa Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, na wakauawa pia askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa. Katika muda wa siku 100 hivi waliuawa Watutsi kwa mamia ya maelfu, pamoja na Wahutu waliokataa kushiriki. Umoja wa Mataifa hutaja zaidi ya watu 800,000; Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Huko Gisozi, mjini Kigali, peke yake, wamezikwa zaidi ya watu 250,000.

Rwanda huanza maombolezo yake tarehe 7 Aprili. Juma la maombolezo humalizika tarehe 13, na kumbukumbu huendelea kwa siku 100. Wanyarwanda huita kumbukumbu hiyo Kwibuka, maana yake kukumbuka. Hapa wafasiri wajihadhari, kwani kitenzi kuibuka kipo katika Kiswahili pia, lakini kwetu ni kutokeza juu baada ya kuzama. Lugha za Kibantu ni ndugu, na udugu huo humdanganya mfasiri mwenye haraka.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda, na kwa hiyo suala la istilahi ya jambo hili si la mbali nasi. Tunayo istilahi mbili zinazogombania nafasi moja: mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari. Halaiki ni kundi kubwa la watu. Anayesema mauaji ya halaiki anataja wingi wa waliouawa, wala hasemi kwa nini waliuawa. Mbari ni ukoo au nasaba, na anayesema mauaji ya kimbari anataja kwamba waliouawa walitafutwa kwa sababu ya nasaba yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba, 1948 uliitambua jinai hii kwa nia ya muuaji: nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la watu kwa sababu ya taifa, kabila, rangi au dini yao. Hesabu ya maiti siyo inayoifanya jinai hiyo kuwa hivyo. Kwa mujibu wa maana hiyo, mauaji ya kimbari ndiyo istilahi inayofaa, ingawa mbari katika matumizi ya kawaida ni kundi dogo kuliko kabila. Mauaji ya halaiki yabaki na kazi yake, yaani mauaji ya watu wengi kwa pamoja, kwa sababu yoyote iwayo.

Yafaa kukumbuka kwamba hata lugha nyingine zililazimika kuunda neno la jinai hii. Mwanasheria Raphael Lemkin aliliunda neno linalotumiwa leo katika lugha nyingi za Ulaya kwa kuunga neno la Kigiriki lenye maana ya kizazi na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kuua, akalichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1944. Miaka minne baadaye neno lake lilikuwa limeingia katika sheria ya mataifa. Wanyarwanda nao walikuwa na neno itsembabwoko, lililotokana na kitenzi cha kuangamiza na neno ubwoko, yaani kabila. Baadaye Serikali yao ilichagua jenoside yakorewe Abatutsi, ili jina liseme bila kificho ni nani walioangamizwa. Umoja wa Mataifa ulifuata njia hiyo hiyo. Uliitangaza siku hii mwezi wa Desemba, 2003 kuwa siku ya kimataifa ya kutafakari mauaji yaliyotokea Rwanda. Mwezi wa Januari, 2018 ukalirekebisha jina ili litaje kwamba mauaji hayo yalikuwa dhidi ya Watutsi. Kwa Kiswahili tungesema Siku ya Kimataifa ya Kutafakari Mauaji ya Kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Jina ni refu. Lakini kila neno lililomo lilijadiliwa na watu wazima mezani, na mfasiri hana ruhusa ya kulipunguza ili litoshe katika mstari mmoja wa tangazo.

Siku ya Afya, 1948

Siku ya nne haina msiba. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilikubaliwa New York tarehe 22 Julai, 1946, ikaanza kutumika tarehe 7 Aprili, 1948, baada ya idadi iliyotakiwa ya nchi 26 wanachama wa Umoja wa Mataifa kuiridhia. Siku ya Afya ya kwanza iliadhimishwa tarehe 22 Julai, 1949. Julai ni mwezi wa likizo za skuli katika nchi nyingi, na wanafunzi hawakuweza kushiriki ipasavyo. Hivyo tangu mwaka 1950 siku hiyo ikahamishiwa tarehe 7 Aprili. Kila mwaka huchaguliwa jambo moja la afya na watu huelimishwa juu yake. Hakuna anayepumzika kwa ajili ya siku hii. Kinyume chake, wauguzi na maofisa wa afya hufanya kazi zaidi ya siku nyingine. Hapa Zanzibar, ambako siku hiyo ni ya mapumziko kwa sababu nyingine, shughuli za afya hulazimika kupangwa kwa kuzingatia hitma ya Kisiwandui.

Je, siku hizi ni moja?

Kwa kalenda ya Miladia siku zote nne ni moja. Tukizihesabu kwa kalenda nyingine hutawanyika. Wazee wetu wa mwambao huihesabu miezi kuanzia mwisho wa Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Kenda, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Kwa hesabu hiyo, tarehe 7 Aprili ya mwaka 1948 iliangukia Mfunguo Nane, mwaka 1367 wa Hijria. Ile ya mwaka 1971 iliangukia Mfunguo Tano, mwaka 1391. Ya mwaka 1972 Mfunguo Tano pia, mwaka 1392, lakini siku 12 hivi mbele zaidi katika mwezi. Na ile ya mwaka 1994 iliangukia Mfunguo Mosi, mwaka 1414, watu wakiwa hawajasahau ladha ya Idi. Lau kama dunia nzima ingefuata kalenda ya Hijria, siku hizi nne zisingekutana kabisa.

Kuna jambo la ajabu zaidi katika hesabu yetu ya siku. Kwa desturi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwetu ni usiku ule ambao wengine huuita Alhamisi usiku. Ndege ya marais ilidunguliwa yapata saa mbili na dakika ishirini za usiku. Kwa hesabu ya Ulaya hiyo bado ni Jumatano tarehe 6 Aprili, na vitabu vya historia hulazimika kueleza kwa nini tukio la tarehe 6 linakumbukwa tarehe 7. Kwa hesabu ya kwetu hapana haja ya maelezo, kwani jua lilikwisha kutua na usiku ule ulikuwa tayari wa Alhamisi, tarehe 7. Mfasiri anayeandika "usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili" anasema kweli kwa kalenda zote mbili, na huo ni msemo ambao lugha yetu inao tangu zamani.

Kwa upande mwingine, kalenda huweza kuzikutanisha siku ambazo wenyewe hawakuzikusudia zikutane. Makanisa ya Kiorthodoksi yanayofuata kalenda ya zamani ya Kirumi, kama vile ya Urusi na Serbia, huadhimisha Kupashwa Habari kwa Bikira Maria tarehe 25 Machi ya kalenda yao, ambayo katika kalenda ya ukutani ni tarehe 7 Aprili. Tofauti ya kalenda hizo mbili kwa sasa ni siku 13. Baada ya mwezi wa Februari, 2100 itakuwa siku 14, na sikukuu hiyo itaangukia tarehe 8 bila ya muumini yeyote kuihamisha.

Haya yote yanatufundisha kwamba tarehe haiwezi kuwa msingi wa kuchagua maneno. Msingi ni kitendo ambacho wenye siku hukifanya.

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika uwanja huu. Upungufu uko katika kuyapambanua. Tunapendekeza yafuatayo kwa walimu, wafasiri na maofisa wa serikali.

(a) Siku ya mapumziko. Hili ni jina la hali ya kisheria tu. Linasema kwamba kazi zimesimama, wala halisemi kwa nini. Litumike katika sheria, nyaraka za utumishi na ratiba za skuli.

(b) Sikukuu. Asili yake ni siku iliyo kuu, na hivyo lingeweza kubeba siku yoyote yenye uzito. Lakini matumizi yamelivuta kwenye furaha. Hapa Unguja mtu akisema sikukuu bila kuongeza neno, anayemsikiliza huelewa Idi, nguo mpya za watoto na viwanja vya Mnazi Mmoja. Neno hili litumike kwa siku za dini na za taifa zenye furaha. Lisitumike kwa siku ya msiba, hata kama siku hiyo ni ya mapumziko.

(c) Kumbukumbu. Litumike kwa mtu aliyefariki au tukio lililopita. Mahali ambapo kumbukumbu hufanywa kwa kisomo, neno hitma lipo, na kwa kisomo cha kila mwaka neno hauli, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni mwaka. Maneno haya yasiachwe kwa sababu tu ofisi imezoea kuandika "shughuli ya kumbukumbu".

(d) Maombolezo. Hili lina huzuni ndani yake, na mara nyingi lina muda: siku tatu, juma, siku 40. Ndilo neno la tarehe 7 hadi 13 Aprili nchini Rwanda.

(e) Maadhimisho. Kuadhimisha ni kukifanya kitu kiwe adhimu, yaani kukitukuza au kukipa heshima. Heshima hupewa furaha na hupewa huzuni. Kwa hiyo hili ndilo neno mama, na kitenzi kuadhimisha ndicho kinachoweza kutumika kwa siku zote nne bila ya kumwudhi mtu. Ofisa mwenye shaka akitumie hicho. Kusherehekea kuachiwe Msumbiji na wenzake.

Limebaki suala la siku za kimataifa. Tumezoea kuweka jina la jambo na kumalizia kwa neno duniani. Mtindo huo unafaa kwa Siku ya Afya Duniani, kwa sababu afya ni kitu tunachokitaka na kiambishi -ni kinatuonyesha mahali siku inapoadhimishwa. Lakini mtindo huo huo umetuletea Siku ya Malaria Duniani, tarehe 25 Aprili, na Siku ya UKIMWI Duniani, tarehe 1 Desemba. Mtoto wa skuli anayesoma bango hilo ana haki ya kuuliza kwa nini maradhi yamepewa siku yao kama walivyopewa wanawake na walimu. Katika siku za namna hii kitendo hakina budi kutajwa: Siku ya Kupambana na Malaria Duniani. Neno moja zaidi halitajaza bango.

Hitimisho

Katika Kiarabu, neno lililotupatia tarehe lina maana mbili: siku ya mwezi na historia. Sisi katika mazungumzo ya kila siku tumebaki na maana ya kwanza. Mfasiri hana budi kuzikumbuka zote mbili, kwani anapofasiri tangazo la tarehe fulani anafasiri pia habari za watu ambao siku hiyo ni yao. Na tarehe 7 Aprili si peke yake. Tarehe 9 Desemba, ambayo Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, ndiyo tarehe ya ule mkataba wa mwaka 1948, na tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari. Kila mwaka ofisi moja inaweza kulazimika kuandika, kwa siku hiyo moja, salamu za uhuru na maneno ya rambirambi.

Wasomaji wanaofanya kazi katika wizara, idhaa na skuli wanaombwa kutupelekea majina ya siku yanayotumika katika maeneo yao, hasa yale ya vijijini ambayo hayajaingia katika nyaraka. Huenda neno tunalolihangaikia katika ofisi zetu limekwisha kusemwa siku nyingi makaburini Mwanakwerekwe au barazani Makunduchi, likawa linangoja tu mtu wa kuliandika.